Kitenzi Mpagazi: Maana za "Piga" Katika Njia ya Tabora na Kaliua

Kitenzi piga, ambacho mtoto hukisikia mapema kwa maana ya kugonga au kutandika, ni miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vyenye kazi nyingi kupita kiasi, na sehemu kubwa ya kazi hizo haihusu kugonga kitu chochote. Katika mji wa Kaliua, mkoani Tabora, mahali ambapo reli ya Mpanda huachana na Reli ya Kati inayoendelea hadi Kigoma, mtu mmoja anaweza kwa siku moja kupiga mswaki, kupiga pasi, kupiga hodi kwa jirani, kupiga simu Mpanda, kupiga hesabu za dukani, kupiga soga barazani na kupiga miayo kabla ya kulala, na siku yote ikapita bila mtu wala kitu kuumia. Mzungumzaji mzawa haoni ajabu yoyote katika hayo, lakini mgeni aliyefungua kamusi akitafuta maana ya neno hilo moja hujikuta mbele ya orodha ambayo haionyeshi mwanzo wala mwisho. Hata hivyo fujo hiyo ina utaratibu wake, na utaratibu huo huonekana vizuri zaidi kitenzi kinapotazamwa pamoja na vitu ambavyo njia ya misafara, na baadaye reli, viliingiza katika maisha ya watu wa bara.

Hali ya kitenzi kimoja kubeba maana nyingi haikuanzia katika Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo katika Kiingereza, ambako kitenzi kifupi kikiunganishwa na neno dogo la mwelekeo huzaa maana ambayo haitabiriki kutokana na sehemu zake: "take off" yaweza kuwa ndege kuruka, mtu kuvua koti, muuzaji kupunguza bei, au mchekeshaji kumwiga mkubwa fulani. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, walipokipitia upya kitenzi "run", walikihesabia maana 645. Kiajemi nacho hukitumia kitenzi zadan, ambacho maana yake ya msingi ni kupiga, kwa namna ambayo Mswahili angejihisi yuko nyumbani, kwa kuwa Mwajemi naye "hupiga" simu, "hupiga" mswaki na "hupiga" gitaa. Kilingala cha Kongo kina kobeta, nacho pia ni kupiga, na kwacho watu hupiga mpira na hupiga simu. Tofauti kubwa kati ya Kiingereza na lugha hizi nyingine ni kwamba Kiingereza hukiongezea kitenzi neno la mwelekeo, kama vile juu, chini au mbali, ilhali Kiswahili, Kiajemi na Kilingala hukiongezea nomino.

Kitenzi cha namna hiyo chaweza kuitwa kitenzi chepesi, yaani kitenzi kilichopunguza uzito wa maana yake chenyewe ili maana iletwe na nomino inayokifuata, huku chenyewe kikibaki na kazi ya kuonyesha nafsi, wakati, hali na ukanushi. Katika sentensi "hatukupiga kura", habari yote ya tendo imo katika kura, lakini ni piga iliyobeba alama za nani, lini na kwamba tendo halikufanyika. Kwa nchi ya Wanyamwezi, ambao katika karne ya 19 walijulikana kuliko watu wengine wote wa Afrika Mashariki kwa kazi ya kubeba mizigo ya biashara baina ya pwani na maziwa makuu, si vibaya kukiita kitenzi hiki mpagazi: mzigo si wake, bali bila yeye haufiki.

Njia ya misafara yenyewe ilianzia Bagamoyo na vijiji vya jirani vya Mrima, ikapita Ugogo, ambako wenye misafara walitoa hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi ya mtawala, ikafika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na hapo ikagawanyika, tawi moja likielekea kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, jingine likielekea magharibi kwenda Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani mwezi wa Juni 1857, walifika Kaze, kituo cha wafanyabiashara Waarabu katika eneo hilo la Unyanyembe, mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Safari ya miezi yote hiyo iliendeshwa kwa sauti na kwa ishara, na ukitaka kuisimulia kwa Kiswahili huwezi kukiepuka kitenzi piga hata kidogo. Asubuhi ilipigwa ngoma ili wapagazi wajitwishe mizigo. Jioni msafara ulipiga kambi, na wenye mahema wakapiga mahema. Ulipokaribia mji mkubwa ulipiga bunduki hewani ili wenyeji wajue kwamba wanaokuja ni wafanyabiashara, si wavamizi, na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifanya vivyo hivyo alipoukaribia Ujiji mwaka 1871.

Mfano wa bunduki unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu unaonyesha hatua ya kwanza ambayo kwayo kitenzi kiliachana na maana yake ya asili. Anayepiga ngoma huigonga ngoma yenyewe, na hapo kitenzi hakijabadilika. Anayepiga bunduki haigongi bunduki. Huifanya itoe mlio na risasi. Kilichohama kutoka kwenye ngoma kwenda kwenye bunduki si kugonga bali ni sauti ya ghafla inayosikika mbali, na kwa njia hiyohiyo kengele hupigwa, honi hupigwa, mluzi hupigwa, mayowe na kelele hupigwa, hata inapokuwa sauti yatoka kooni mwa mtu na hakuna chombo chochote mkononi. (Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara mashuhuri ambaye baba yake alikuwa na makazi Unyanyembe, yeye alieleza kwamba jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake, kwa hiyo wenyeji waliompa jina hilo hawakuhitaji kitenzi kabisa.) Kutoka kwenye sauti ya mayowe hadi kwenye sauti ya mazungumzo umbali si mkubwa, na huko ndiko ziliko soga, gumzo, porojo, domo na stori, ambazo zote hupigwa, ingawa hotuba hutolewa na hadithi husimuliwa. Inaelekea maneno yanayopigwa ni yale yasiyo na mpangilio rasmi, na hotuba ikisemwa kuwa imepigwa, msemaji amekwisha kudharauliwa.

Tawi la pili la maana, baada ya hilo la sauti, hutokana na chombo kinachopitishwa juu ya kitu. Fundi seremala hupiga randa juu ya ubao na kisha hupiga msasa, mwashi hupiga lipu na rangi ukutani, mwanafunzi hupiga mstari chini ya kichwa cha habari, mfanyakazi wa nyumbani hupiga deki sakafuni na pasi juu ya nguo, muuguzi hupiga sindano. Katika haya yote kuna mguso, na katika baadhi yake kuna nguvu, lakini hakuna pigo. Tawi la tatu ni la mwili unaobadilisha hali kwa mara moja, kama katika kupiga magoti, kupiga chafya, kupiga mbizi na kupiga hatua. La nne, ambalo ni la kale na lenye utata kuliko mengine, ni la kutafuta jambo lililofichika, na humo mna kupiga ramli, kupiga falaki, kupiga bao na kupiga hesabu. Ramli ni neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga, na mpiga ramli alikuwa akipiga alama mchangani kwa vidole ili asome mambo yajayo, hivyo huenda mkono ulikuwa unagonga kweli. Askofu Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyeandika sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alikwisha kuona wakati huo kwamba piga hutumika katika matendo mengi ambamo wazo la kugonga halionekani, akaweka pamoja mifano ya bunduki, magoti, kelele, pasi na mingineyo. Kwa hiyo wanaodhani kwamba matumizi haya ni uvivu wa vijana wa mijini wamechelewa kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Kura ni ya tawi hilo la nne, na historia yake inaihusu Tabora moja kwa moja. Neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya bahati nasibu, yaani njia ya kuamua jambo kwa vijiti, vikaratasi au kokoto ili pasiwe na lawama kwa mtu yeyote, na kupiga kura kulikuwa ni kuiachia bahati iamue. Utawala wa Kiingereza ulipoleta uchaguzi wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, Kiswahili hakikuunda neno jipya, bali kilichukua msemo huohuo na kuugeuza maana karibu kinyume chake, kwa kuwa mpiga kura wa kisasa anatakiwa aamue yeye, si bahati. Mwezi wa Januari 1958 mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha TANU ulikutana mjini Tabora, mji ambako Julius Nyerere alikuwa amesoma sekondari na kisha kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, ukajadili kama chama kishiriki au kisusie uchaguzi ulioitwa wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake isihesabiwe. Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki ingawa masharti yalichukiza, Zuberi Mtemvu akajitenga na kuanzisha chama chake, na uchaguzi ulipofanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959, wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walishinda. Tangu hapo mpiga kura limekuwa jina la raia mwenye haki, na maana ya zamani ya bahati nasibu, ingawa haijafa, husikika zaidi pale timu zinapopangiwa makundi ya mashindano.

Sarufi ya kitenzi hiki hutoa ushahidi mwingine, ambao msomaji asiye mwanaisimu anaweza kuupima mwenyewe kwa sikio lake. Nomino zinazofuata piga hazikuambatana nacho kwa nguvu sawa. Mtu husema bila wasiwasi kura zilizopigwa, simu iliyopigwa, picha zilizopigwa, hata hatua zilizopigwa katika ujenzi wa reli, kwa maana nomino hizo zinaweza kusimama peke yake na kuelezwa. Hakuna asemaye miayo iliyopigwa au magoti yaliyopigwa, isipokuwa kwa mzaha, kwa sababu hapo nomino na kitenzi vimeshikamana mno hata haviachani. Kupiga moyo konde ndiko kulikoshikamana kuliko vyote: moyo ndio unaopigwa, konde ni ngumi, na msemo mzima ni kujipa ujasiri, lakini ni wazungumzaji wachache wanaoikumbuka ngumi wanapoutumia.

Viambishi vinavyoongezwa mwishoni mwa kitenzi, ambavyo wanasarufi huviita vinyambuaji, navyo hupanga maana kwa ukali unaoshangaza. Aliyempiga mtu picha amemfanya mtu huyo aonekane pichani, lakini aliyempigia picha ameifanya kazi hiyo kwa niaba yake, na pichani pengine wamo watu wengine kabisa. Simu na kura haziruhusu uchaguzi huo, kwa kuwa mtu hupigiwa simu na hupigiwa kura, hapigwi. Vita inatoa mfano ulio bora zaidi, hasa kwa nchi iliyotawaliwa na Mirambo. Mtemi huyo wa Urambo, ambaye utawala wake ulienea hadi katika maeneo ya magharibi mwa Tabora yanayojumuisha Kaliua ya leo, alipigana vita na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia mwaka 1871, akaufunga mara kwa mara mkondo wa biashara ya Ujiji hadi ukapatikana mwafaka, naye akafariki mwaka 1884. Alipigana vita, hakupiga vita. Kupiga vita ni kulipinga jambo na kufanya kampeni ya kuliondoa, kama serikali inavyopiga vita ujinga, maradhi au rushwa, ambavyo haviwezi kurudisha mapigo, ndiyo maana kiambishi -an- cha kutendana hakihitajiki. Ukikiongeza kiambishi hicho pamoja na cha kutendea unapata pigania, ambapo adui hatajwi kabisa na kinachotajwa ni lengo, kama uhuru au haki. Ukiongeza cha kutendesha unapata pigisha, ambacho nje ya kupigisha kwata askari na wanamgambo hakina kazi nyingi. Katika umbo la kutendwa, hatimaye, mtendaji huweza kuwa kitu kisichoonekana: mtu hupigwa na butwaa, na bumbuwazi, na baridi, na jua.

Swali linalobaki ni kwa nini piga, na si fanya, ambacho kwa maana yake pana kingeonekana kufaa zaidi. Jibu laweza kuonekana katika asili ya nomino zinazokifuata. Ramli, falaki, hesabu na kura ni za Kiarabu, chapa ina asili ya Kihindi, bomba ni la Kireno, simu ni la Kiajemi, lenye maana ya waya, na picha na deki ni za Kiingereza. Mgeni alipoleta kifaa alileta na jina la kifaa, na jina huingia katika Kiswahili kwa urahisi kwa kupewa ngeli, lakini tendo la kukitumia kifaa hicho lilihitaji kitenzi kinachoweza kunyambuliwa, na piga, ambacho tayari kilikuwa kimezoea ngoma, randa na bunduki, kilikuwa karibu. Fanya hutaja tendo bila kutaja namna yake. Piga hudokeza kwamba kuna mkono, chombo na matokeo ya papo hapo. Simu yenyewe ilikuwa kwanza ni ya maandishi, ambapo karani aligonga kitufe kwa kidole ili ishara ziende kwenye waya, na hivyo aliyepiga simu alipiga kweli. Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ya wapagazi na kuwanyang'anya kazi, iliziongeza stesheni, kengele, honi na mihuri, na vyote vikaangukia chini ya kitenzi kilekile, ingawa muhuri wenyewe hupigwa na pia hugongwa.

Ambapo Kiswahili kilipata kitenzi cha kigeni pamoja na nomino yake, vyote viwili huishi, navyo hugawana kazi. Kuhesabu ni kutaja moja baada ya nyingine, kama mfugaji anavyowahesabu ng'ombe zizini, lakini kupiga hesabu ni kukokotoa, yaani kujumlisha na kutoa hadi jibu lipatikane. Wapo pia wahariri ambao hupendelea kunyoosha nguo badala ya kupiga pasi, na kusugua meno badala ya kupiga mswaki, wakiamini kwamba kitenzi mahususi ni Kiswahili bora zaidi. Upendeleo huo hauna msingi mzito, kwani nguo hunyooshwa hata kwa mikono, na msemo wenye piga ndio unaotaja chombo kilichotumika.

Mpaka wa kitenzi unaonekana vilevile katika mambo ambayo wenyeji hawayapigi. Misitu ya miombo inayoizunguka Kaliua ni nchi ya asali, na mzinga wa nyuki hutundikwa mtini, asali hurinwa, wala hakuna mrina asali anayesema amepiga mzinga. Anayepiga mzinga ni ama askari wa mizinga anayetoa saluti, ama, katika lugha ya mtaani, mtu anayemwomba mwenzake pesa kwa hila. Katika makazi ya Ulyankulu, yaliyo katika wilaya ya Kaliua na yaliyopokea wakimbizi kutoka Burundi baada ya machafuko ya mwaka 1972, Kiswahili hukutana na Kirundi, ambacho kama Kinyarwanda kimekipa mzigo wa namna hii kitenzi gutera, chenye maana ya kurusha au kushambulia, hivyo sindano inayopigwa katika lugha moja hurushwa katika nyingine, na mgonjwa ni yuleyule.

Lugha ya mtaani imeendelea kukipeleka kitenzi mbele, safari hii bila nomino. Kupiga chini, kwa maana ya kumwacha mchumba, kumfukuza mfanyakazi au kulitupa pendekezo, kuna umbo linalokaribia kabisa lile la Kiingereza la kitenzi na neno la mwelekeo, na halina historia ndefu. Upigaji, uliokuwa nomino tupu ya kila aina ya kupiga, sasa katika magazeti ya Tanzania humaanisha wizi wa fedha za umma, na mpigaji asiyetajiwa alichokipiga hueleweka kuwa ni mla fedha hizo, wakati mpiga kura, mpiga picha na mpiga ramli bado wanahitaji nomino zao ili wafahamike. Vifaa vipya, kwa upande mwingine, haviji tena kwa jina pekee. Wazungumzaji wengi wamekwisha kusoma Kiingereza shuleni, nao huchukua kitenzi chenyewe na kukipa viambishi vya Kiswahili, hivyo katika vibanda vya simu vya Kaliua watu huchaji, huchati na huposti, pesa hutumwa na kutolewa, na katika shughuli zote za simu ya mkononi kinachopigwa bado ni simu na picha, pamoja na selfi, ambayo ni picha vilevile.